Mafundi tairi, nani aliwaambia nati inaanzwa kwa mashine? Studi mnaua nyinyi, msala tunabaki nao sisi

Wakuu, salamu baadaye. Nina grisi mpaka kwenye viwiko, na hasira ni nyingi kuliko grisi.

Gari lilikwenda kuzibwa pancha tu, tairi la mbele. Pancha imezibwa vizuri, hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi ni jinsi tairi lilivyorudishwa. Kijana anachomeka nati ndani ya soketi ya mashine ya upepo, anailenga studi, kile kijiti cha chuma chenye nyuzi ambacho nati inafungwa juu yake, kwa mbali, anabonyeza. Trrrrrr! Nati imepanda kombo lakini mashine haina habari, yenyewe kazi yake ni kusokota. Chuma kinachimba chuma mpaka kinafika mwisho, kijana anahamia nati nyingine. Unakabidhiwa funguo, kila mtu anatabasamu.

Nimekuja kuyaona nyumbani nilipofungua tairi kuangalia pedi za breki. Nati moja inatoka nusu mzunguko, inakwama, nusu mzunguko, inakwama. Ilipoachia ikaja na nyuzi za studi zimejiviringa ndani yake, vipande vyembamba vya chuma vinavyong'aa. Studi yenyewe upande mmoja ina nyuzi, upande wa pili imekuwa laini kabisa. Nikarudi kuuliza. Jibu: "Hiyo bosi ulikuja nayo hivyohivyo." Sawa. Na nati nayo nilikuja nayo imepinda, au siyo?

Jamani, nati inaanzwa kwa vidole. Kwa vidole! Inashuka yenyewe mizunguko kadhaa bila spana, na ikigoma mkononi ujue kuna jambo: uchafu, nyuzi zimebonyea, au nati si ya studi hiyo. Vidole vinahisi, mashine haihisi chochote. Ikishashika zote ndiyo unakaza kwa kuruka, hii kisha ya upande wa pili, na ukishusha gari unamalizia kwa spana ya kupimia nguvu. Magari madogo mengi yanataka kati ya Nm 100 na 140, na kiwango halisi kimeandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Mashine ya upepo mikononi mwa mtu mwenye haraka inapita hapo bila hata kukohoa. Studi inafanya kazi kwa kuvutika kidogo na kubana. Ukiivuta kupita kiasi hairudi tena, imekuwa ndefu na imekonda katikati. Ukitaka kuijua, chukua nati mpya uizungushe kwa mkono kwenye studi safi. Ikishuka vizuri halafu ikagoma katikati, mahali ambapo hapana jeraha lolote, studi hiyo imevutika. Itoe.

Halafu kuna lile kopo. Mnalijua. Kopo la nati mchanganyiko, nati ikipotea kijana anachovya mkono anatoa yoyote inayofanana. Toyota nyingi zinatumia M12 × 1.5, yaani unene wa milimita 12 na milimita 1.5 kutoka uzi hadi uzi, Nissan nyingi M12 × 1.25. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya huku inaingia kule mzunguko mmoja au miwili, inagoma, na ikigoma mashine inamaliza ubishi. Bado sijagusa umbo la kitako cha nati, maana kuna za koni, za duara na za bapa zenye washa, na ringi inataka ya kwake. Nikianza hapo hatutamaliza leo.

Sasa kundi la pili linalonikera: wataalamu wa maoni. Nimeuliza huku na kule, nimeshauriwa "paka oili, kaza, itajitengeneza yenyewe". Itajitengenezaje? Nyuzi zilizochimbwa kombo zikipakwa oili zinabaki kombo zenye oili. Isitoshe, oili inapunguza msuguano, kwa hiyo nguvu ileile ya spana inaivuta studi zaidi ya ilivyokusudiwa. Mwingine akasema "piga welding kichwani uendelee na maisha". Studi ni chuma kilichopikwa kikakomaa, ukikichoma moto unakiharibia ukomavu wake, kisha unataka kibebe gurudumu kwenye kona. Na yule wa "zimebaki nne, tembea tu". Zilizobaki zinabeba mzigo wa aliyekufa, na zile za jirani yake ndizo zinazochoka kwanza.

Kama ni nyuzi za mwanzo tu zimebonyea kwa kugongwa na ringi, hapo sawa, pitisha dai, kile kifaa cha kuchongea nyuzi, ya saizi ileile au tupa ya nyuzi, piga brashi ya waya, jaribu nati kwa mkono. Ya kwangu haikuwa hivyo. Ya kwangu ni ya kubadilisha.

Na kubadilisha studi nyumbani kunawezekana, ndiyo maana nazidi kukasirika, maana aliyeharibu angeweza kurekebisha palepale akiwa na vifaa vyote. Kigingi kwenye tairi la nyuma, jeki, kisha stendi, usilale kuamini jeki. Fungua kalipa, ile inayobana pedi za breki, uifunge kwa waya juu, usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki. Toa diski. Studi imeingizwa kutokea nyuma ya habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, na shingoni ina meno yanayoing'ata habu isizunguke. Inasukumwa irudi nyuma ilikotoka.

Hapa ndipo kila video inakuambia "gonga nyundo". Nyundo unaigonga studi, lakini pigo linapita kwenye habu linaishia kwenye beringi, na beringi haikuumbwa kupigwa. Mimi nimetumia kibano cha kusukumia boli jointi. Unakikaza taratibu, unasikia TAK! moja, studi imeachia. Zungusha habu mpaka studi iwe mbele ya uwazi ulio nyuma, pale bati la kukinga vumbi linapopisha, ndipo itoke. Magari mengine hayana uwazi huo. Hapo habu nzima inatoka, na kwenye baadhi ya magari ukitoa habu beringi nayo imekwisha. Yaani mtu kashindwa kuanza nati kwa vidole, wewe unanunua beringi!

Studi mpya inavutwa, haigongwi. Panga washa kadhaa nene juu yake, grisi kidogo kati ya washa na washa, siyo kwenye nyuzi, kisha nati ya zamani iliyo nzima, upande wa bapa ndio ukandamize washa. Vuta kwa spana ya mkono. Inakuja nzito, nzito, halafu ghafla inasimama kabisa. Ingiza kidole au kioo nyuma uhakikishe kichwa kimekaa bapa kwenye habu pande zote. Kikiwa na mwanya hata wa unywele, ukiendesha kitajivuta chenyewe na nati italegea. Na ile nati ya kuvutia itupe, usiifungie tairi.

Tena mimi nina bahati. Kuna mdau hapa studi yake inazunguka pamoja na nati. Meno ya shingoni yameisha, tairi limefungwa, huwezi kufika nyuma, na mbele ukizungusha vyote vinazunguka kama feni. Huyo anapasua nati kwa patasi ndani ya tundu jembamba la ringi ya alumini, akiteleza kaua na ringi. Mambo yote haya kwa sababu ya nati iliyokataa mkononi halafu ikalazimishwa.

Wenye Volkswagen na BMW msicheke. Nyinyi hamna studi, mna boliti zinazoingia kwenye habu. Mashine ikikosea kwenu, nyuzi zinazoliwa ni za habu yenyewe.

Nimerudisha tairi, nimekaza kwa kipimo, na nitarudia kukaza baada ya kilomita 50 hadi 100 kwa sababu studi mpya hujikalisha. Nati zote za tairi lile nimezijaribu moja moja, na mbili zaidi sizipendi zinavyoshuka.

Sasa naomba kujua kwa wenye habu zisizo na uwazi nyuma: mmezitoaje bila kuua beringi? Nasikia wapo wanaosaga kichwa cha studi mpya upande mmoja ili kipite, mwenye kufanya hivyo akatembea nayo muda mrefu aje aseme ukweli, siyo nadharia.

Na kwa mafundi mliomo humu, najua mpo na mnasoma: pancha ijayo gari silileti. Nafungua tairi nyumbani, nalibeba mkononi, mnaziba, naondoka nalo. Mashine yenu ya upepo ikifika mita moja karibu na studi zangu tutagombana.