Naomba ushauri: ninunue jiko hili la kuni la mtumba?

Habari zenu wadau. Tumepanga nyumba ya zamani ya mawe huku Karen, yenye meko ya ukutani iliyo wazi. Baridi ya Julai hii imetutesa. Tunachoma kuni jioni nzima na joto karibu lote linapandia dohani, huku mama, ambaye ana pumu, akikohoa kwa moshi unaorudi sebuleni.

Sasa kuna mtu anauza jiko la chuma la kuchomeka ndani ya meko, lenye mlango wa kioo. Anataka shilingi 45,000. Nimelitazama. Chuma kinaonekana kizima, ila ndani matofali mawili ya moto yamepasuka. Nilifungia karatasi mlangoni, nikaivuta ikatoka bila kukaza, kwa hivyo kamba ya kuziba imekwisha. Hayo naona yanarekebishika. Ninachoogopa ni ufa usioonekana kwa macho. Nikimulika tochi kwa ndani gizani inatosha, au kuna njia bora?

Halafu dohani yetu ni pana. Muuzaji anasema nisukumize jiko tu, basi. Mimi naona litahitaji bomba la chuma kisichoshika kutu hadi juu, maana kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu na mama analala chumba cha pili. Hilo bomba laweza kunigharimu kuliko jiko lenyewe?

Kuni zetu ni mkaratusi wa mwaka jana, umekauka vizuri. Mwenye nyumba amekubali. Aliyewahi kufunga la mtumba hapa Nairobi anisaidie, muuzaji anataka jibu Jumamosi.