MREJESHO: Leseni ya Tanzania kuwa ya Ujerumani

Wakuu, niliuliza kama leseni yangu ya Tanzania, daraja B, inabadilishwa moja kwa moja huku Ujerumani, maana ile miezi 6 ya kuiendeshea tangu uhamie ilikuwa inayoyoma.

Haibadilishwi hivi hivi. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa mitihani, kwa hiyo nimefanya yote miwili, nadharia na barabarani, na nimefaulu. Nafuu iliyopo ni kwamba hulazimishwi kukaa darasani saa zile za mwanafunzi mpya. Shule ya udereva lazima uwe nayo hata hivyo, kwani mtihani unafanyia kwenye gari lao na mwalimu yumo.

Makaratasi: leseni yenyewe na tafsiri yake, cheti cha macho, cheti cha huduma ya kwanza, picha. Nadharia nilifanya kwa Kiingereza, Kiswahili hakimo.

Kazi iko barabarani. Kuendesha kulia unazoea haraka. Shughuli ni njia panda zisizo na alama yoyote, ambako anayetokea kulia kwako ndiye anapita kwanza, hata kama katokea kichochoroni. Halafu kugeuza shingo kila unapokata kona, baiskeli zisije zikawa ubavuni. Vioo peke yake hawavikubali. Aliyenishauri nichukue masomo machache kwanza, ubarikiwe sana. Bila hayo ningeanguka.

Mnaorudi likizo mjue: ukikabidhiwa ya Kijerumani, ya Tanzania wanabaki nayo.