Wasifu wa bibi wa kusomwa kanisani: nianzie wapi?

Mjukuu Mkubwa
Shikamooni wakubwa. Bibi yetu ametutoka, nami nimekabidhiwa kuandika wasifu wake wa kusomwa kwenye ibada ya mazishi. Tumepewa dakika tano. Kitambulisho kinasema alizaliwa 1 Januari, lakini wazee kila mmoja ana mwaka wake. Na habari za kanisani nikiuliza, jibu ni lile lile: "alimpenda sana Mungu." Naomba mwongozo.

Karani wa Kanisa
Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Nenda kwenye daftari la ubatizo la kanisa alikobatizwa, siyo hili alilokuwa akisali uzeeni. Toa jina lake la kabla ya ndoa, jina la baba yake na mwaka wa kukadiria. Wengi huambiwa hayumo daftarini kwa sababu wametafuta kwa jina la mume! Humo utapata wazazi, wadhamini na tarehe ya ubatizo; kwa Wakatoliki, kipaimara na ndoa navyo huandikwa hapo hapo kwenye kumbukumbu ya ubatizo. Ila usichukue tarehe ya ubatizo ukaifanya ya kuzaliwa, maana wapo waliobatizwa wakiwa watu wazima. Hiyo 1 Januari nayo mara nyingi huwekwa pale mwaka tu ndio uliojulikana. Usipopata uhakika, andika "mwanzoni mwa miaka ya 1930" au vyovyote ilivyo, kisha msalaba, tangazo na wasifu vikubaliane.

Msomaji wa Wasifu
Pole ndugu. Dakika tano kwa usomaji wa utulivu ni maneno kama 500. Andika 450, kwa sababu msomaji atanyamaza mahali fulani ajikaze. Kinachokula muda ni ugonjwa: alilazwa lini, akahamishiwa wapi, akapewa nini. Sentensi mbili zinatosha. Watoto wataje kwa mpangilio wa kuzaliwa, waliotangulia mbele za haki wakiwemo, na wale aliowalea bila kuwazaa. Wajukuu na vitukuu taja idadi. Kabla ya kuchapa, wasomee watoto wake wote rasimu. Jina likirukwa mbele ya waombolezaji, jeraha lake halifutiki kwa kuomba radhi.

Mama wa Kwaya
Hilo la "alimpenda Mungu" lisikutoshe, mwanangu. Waulize wanawake wenzake wa kanisani: aliimba sauti gani? Alishika zamu ipi ya usafi? Mgonjwa gani alikuwa akimtembelea, na alimbebea nini? Sentensi moja ya namna hiyo inamrudisha mtu mzima mzima. Kisha fungua Biblia yake na kitabu chake cha nyimbo. Kurasa zilizochakaa pembeni, mistari aliyoipigia wino, vikaratasi alivyochomeka: vipige picha vikiwa mahali pake kabla hamjavitoa, maana kikishatoka hutajua kilikaa penye zaburi ipi. Ukiona wimbo uliochakaa kuliko yote, mpe mwalimu wa kwaya namba yake mapema.

Mjukuu Mkubwa
Ahsanteni mno. Biblia yake ipo kwa shangazi, naifuata leo. Kwenye kuchapa je?

Msomaji wa Wasifu
Herufi ukubwa wa 16, mistari iachane, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa na namba. Toa nakala mbili, moja akae nayo mtu wa kumpokea msomaji akishindwa kuendelea.