Mnauza picha ya Lupita, mnatuma pazia

Wanajukwaa, salaam. Nina hasira tangu Alhamisi na leo Jumatatu bado hazijaisha, kwa hiyo naziandika hapa. Mimi niko Moshi, Pasua. Walioniuzia ni duka la mtandaoni lililoko Arusha. Jina silitaji kwa leo, ila wenyewe wakipita hapa watajijua, na wewe kama umewahi kuagiza gauni kwa kuangalia picha ya staa utaelewa kabla sijafika mbali.

Jumamosi ilikuwa sendofu ya dada yangu, na sisi wadogo zake tulipaswa kuvaa bluu. Desemba ya huku mnaijua. Kila Mchagga aliyeko Dar na Mwanza anapanda nyumbani, harusi zinapangana, mafundi wamejaa vitambaa mpaka chini ya cherehani. Ukipeleka kazi tarehe tano unaambiwa Januari. Hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya niagize, maana gauni la dukani si kawaida yangu. Mimi ni mtu wa mitumba, masoko ya Memorial na Kiboriloni. Nafika asubuhi belo linakatwa, nachambua, natoka na gauni la elfu sita au nane, nalipeleka kwa fundi linapunguzwa, basi. Nguo naijua kwa kuishika. Safari hii nilinunua kwa macho.

Na picha waliyoweka nilikuwa naijua. Lupita Nyong'o, yule mwigizaji wa Kenya, usiku wa Oscar, Machi 2014, usiku aliochukua tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike. Nilikuwa darasa la sita. Gauni la Prada, bluu nyepesi ya asubuhi isiyo na mawingu, na mwenyewe alisema rangi ile inamkumbusha Nairobi. Kila mtu anazungumzia rangi. Mimi nimelitazama lile gauni miaka yote hii na ninachokiona ni marinda. Marinda membamba yanayoanza juu na kushuka mpaka chini, mengi, yamelala kwa mpangilio, kiasi kwamba akisimama gauni limetulia na akipiga hatua linafunguka lote kama maji. Shingo imechimbwa chini kabisa katikati ya kifua, lakini hakuna kinachovutika, hakuna kinachotaka kutoka. Hajaweka mkufu mzito. Nywele fupi, utepe mwembamba kichwani, mwisho. Mkato ule ungekosewa sentimita mbili tu pale kifuani tusingekuwa tunalikumbuka leo.

Sasa duka likaweka picha hiyo, chini yake: “Lupita gauni, saizi zote, laki na nusu.” Nikawaandikia. Sikuuliza kama ni Prada, mimi si mtoto mdogo. Niliuliza vitu vitatu: marinda ni ya kweli au ni ya pasi, kitambaa ni chepesi au kizito, na kuna bitana ndani? Nikajibiwa, “Mamii ni kama lilivyo kwenye picha, mia kwa mia.” Nikatuma vipimo: kifua 92, kiuno 74, nyonga 104, urefu kutoka begani mpaka chini 148. Nikatuma elfu sabini na tano kwanza, na nyingine kabla hawajaliweka kwenye basi. Arusha na Moshi ni kilomita kama 80. Ningepanda gari nikaenda nikalione. Sikwenda, kwa sababu niliamini jibu la mtu.

Alhamisi saa kumi jioni naenda stendi kuchukua mzigo. Nafungua pale pale, kwenye benchi.

Kitambaa ni satini ngumu, ile nzito inayong'aa, ile wanayotundika ukumbini nyuma ya kiti cha bibi harusi. Ukiishika inalia. Marinda yamepigwa pasi tu, na kwa kukunjwa ndani ya mfuko wa rambo tayari nusu yameshafunguka na nusu yamelalia upande mwingine. Uzi mweupe kwenye kitambaa cha bluu. Ndani hakuna bitana, hakuna ovaloki, kingo zinachambuka ukizigusa. Ile shingo ya kuchimba wameogopa kuichimba, wakaikata kidogo halafu wakaweka kipande cha pembetatu cha kitambaa kingine, bluu iliyokolea zaidi, kama kiraka cha shati la shule. Nyumbani nikalivaa. Zipu ilifika kiunoni ikakwama. Mama alikuwa amekaa kitandani ananitazama, hakusema kitu, akachukua pini.

Ijumaa asubuhi nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee pale Majengo, anakaa barazani na cherehani ya kukanyaga tangu mama yangu akiwa msichana. Nikamwamkia, nikampa. Aliligeuza ndani nje, akavuta sketi kwenye meza, akaitandaza, akachukua futi. Sentimita 160 kuzunguka. Akaniambia, “Binti, marinda ya kulaliana hivi yanakula kitambaa mara tatu. Nyonga yako 104, hapa palitakiwa mita tatu na zaidi. Huyu kakuwekea mita moja na nusu. Utakaa, yatafunguka. Utasimama, hayatarudi.” Kisha akanieleza kwamba marinda ya kudumu hupigwa kwa joto kali kwenye kitambaa cha nailoni au poliesta, yanashika hata ukifua, na kwamba kuna vitambaa vyepesi vya aina hiyo vinauzwa tayari vikiwa na marinda, kwa mita. Yaani lilikuwa jambo linalowezekana! Si lazima uwe na hela za Prada. Ilitakiwa mtu mmoja tu pale dukani ajue anachokiuza, au amuulize anayejua. Nikamuuliza fundi kama linatengenezeka. Akasema kiuno angeweza kukifungua, ila kitambaa cha kuongeza hakipo na kilichokatwa kimekatwa.

Nikapiga picha zote, nikazituma dukani. Jibu lilikuja baada ya saa tano, na jibu hili ndilo limenileta hapa:

“Dada gauni halina shida, shida ni mwili. Wewe sio Lupita.”

Nikaandika mara mbili zaidi. Nikazuiwa.

Ngoja niseme kuhusu mwili, kwa sababu hapo mmegusa kitu ninachokijali kuliko hela. Gauni la Lupita lilishonwa kwa vipimo vya Lupita. Watu walimpima, wakakata, wakamjaribisha, wakarekebisha, wakamjaribisha tena. Ndiyo maana lilimkaa. Halikumkaa kwa sababu ni mwembamba. Mwembamba akivaa nguo iliyokatwa vibaya anaonekana kavaa nguo iliyokatwa vibaya, nendeni kwenye sherehe yoyote mtaona. Mimi niliwapa vipimo vyangu. Mkavikubali, mkachukua hela kwa vipimo hivyo. Nyonga 104 haikuwa siri iliyojulikana Alhamisi.

Na msinifundishe staa ana mwili gani. Nimekua na picha ya Flaviana Matata ndani ya nyumba, dada aliibandika kwenye mlango wa kabati tukiwa wadogo. Miss Universe Tanzania 2007, ya kwanza kabisa, akaenda Mexico City amenyoa kichwa, akaingia kumi bora. Sisi shuleni tulinyolewa kwa lazima, tukaona upara ni alama ya mwanafunzi, kitu cha kusubiri kiishe tukimaliza darasa la saba tusuke. Halafu unamwona mtu wa Shinyanga amesimama mbele ya dunia na kichwa kile kile, shingo ndefu, hereni, na gauni limepata nafasi ya kuonekana kwa sababu juu hakuna kelele. Mpaka leo nikivaa kitu chenye shingo ya kazi nabana nywele zote nyuma. Hilo nimelitoa kwake. Mtu kama mimi hamtazami staa ili awe yeye, anamtazama ili ajue kitu kinafanyaje kazi, kisha anarudi kwenye mwili wake.

Kuna watu watasema nakuza mambo, nguo za mastaa ni upuuzi wa Wazungu. Sawa. Rihanna 2015 kwenye Met Gala, ile hafla ya mavazi ya New York, lile joho la njano la Guo Pei, mbunifu wa China. Mitandao yote ilicheka, ikalifananisha na mayai ya kukaanga. Joho lile lilitariziwa kwa mkono kwa karibu miaka miwili na lina uzito wa kilo kama 25. Kilo 25 ni mfuko wa unga! Mtu akapanda nalo ngazi. Mimi naliheshimu mno. Na sio kwamba kila anachovaa Rihanna nakipenda. Lile gauni lake la 2014 la kuonyesha mwili, lenye fuwele zaidi ya 200,000, silipendi, na sababu zangu si hizo za maadili mnazohubiri hapa kila wiki. Silipendi kwa sababu fuwele zimefanya kazi yote, mkato haukuambiwa ufanye chochote. Lupita huyo huyo, Januari 2014, kwenye tuzo za filamu za Golden Globes, gauni jekundu la Ralph Lauren lenye kijoho mabegani: halina hata shanga, na linakushika. Hapo ndipo ninapopima nguo.

Kwa hiyo mtu anayechukua picha ya kazi kama hiyo akaigeuza chambo cha kuuzia satini ya ukumbini amenitukana mimi, amemtukana fundi yule wa Majengo anayejua marinda yanakula mita ngapi, na ametumia sura ya Lupita ambaye hajui hata duka hilo lipo.

Ninachotaka, maduka ya Arusha na hapa kwetu, ni mpige picha nguo yenu. Swahili Fashion Week ipo Dar tangu 2008, mabinti wa Kitanzania wanatembea na nguo zilizoshonwa na wabunifu wa huku, kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Mchukue binti mmoja wa hapo Arusha, wa Sakina au Njiro, mumvalishe gauni lenu lile lile, asimame Mnara wa Saa mchana kweupe, atembee hatua kumi mrekodi kwa simu. Likiwa zuri nitalinunua. Likiwa satini nitaiona satini. Picha ya Lupita wekeni pembeni, mseme wazi kwamba mshono umeigwa hapo, na kitambaa ni hiki, na marinda ni ya pasi.

Na kwa wanaosema “mali ikishauzwa hairudishwi,” kile kibandiko cha ukutani si sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani iko kwa ajili hiyo. Ujumbe wote ninao, ule wa “mia kwa mia” na ule wa mwili. Risiti za kutuma hela ninazo. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya duka la mtandaoni aniambie hapa alianzia wapi.

Jumamosi nilivaa gauni la kijani la Memorial, la elfu nane, nililolivaa Pasaka. Fundi alikaa na taa mpaka saa tatu usiku wa Ijumaa akanibania mgongo na kushusha upindo, akachukua elfu tano tu. Lilinikaa. Lakini kwenye picha zote za familia, wadogo zake dada tumepanga bluu, bluu, bluu, na mimi kijani pembeni, na dada ameshaniuliza mara mbili kwa nini sikumwambia mapema.

Lile la bluu lipo kwenye mfuko wake ule ule wa rambo, pini za mama bado ziko mgongoni. Nataka laki na nusu yangu. Nauli ya kulirudisha Arusha nitalipa mwenyewe.