Stoo ya Lang'ata kuwa chumba cha samaki: nianze na nini kabla ya tangi la matumbawe?

Mwenye Stoo

Hamjambo nyote. Nimefuga samaki wa maji yasiyo ya chumvi kwa miaka sita, hasa wale wa rangi wa Ziwa Malawi, na matangi yangu yameenea sebuleni mpaka wageni wanakosa pa kuketi. Mwezi uliopita tulihamia nyumba yetu Lang'ata, na kando ya jikoni kuna stoo ya mita 3 kwa mita 2.4, yenye sakafu ya saruji, dirisha moja dogo na dari ya jipsamu, ambayo mke wangu amekubali, baada ya mazungumzo marefu, niigeuze kuwa chumba cha samaki.

Nia yangu ni kuweka humo tangi la matumbawe la sentimita 120 kwa 60 kwa 55, yaani karibu lita 400, pamoja na matangi matatu ya samaki nilio nao. Maji ya mfereji hutufikia siku mbili kwa wiki na huhifadhiwa kwenye tangi la paa. Siku nyingine tunatumia ya kisima. Stima hukatika, wakati mwingine usiku kucha. Naomba wenye uzoefu wanieleze nianze na nini kabla sijamwita fundi wa vioo. Tena, wazazi wangu wanaishi Kilifi: je, kuna ubaya nikibeba maji ya bahari, na pengine vipande viwili vitatu vya matumbawe, kila ninapokwenda kuwasalimu?

Babu Chujio

Umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua kioo, ndugu yangu. Mimi nilinunua kioo kwanza, kikakaa uani miezi mitano kikikusanya vumbi.

Anza na njia ya maji. Kabla hodhi lolote halijaingia, mwite fundi wa mabomba atoboe mtaro wa sakafu, na sakafu yenyewe ipewe mteremko mdogo wa kuuelekea, kwa sababu maji yatamwagika tu: utafungua mpira ujaze pipa, simu italia, utatoka nje kuongea, na utakaporudi utakuta viatu vya watoto vinaelea. Mimi yamenipata mara nne. Weka pia sinki la kuoshea vichujio, la sivyo utaviosha kwenye sinki la jikoni, na hapo yale makubaliano yako na mke wako yatavunjika.

Maji ya mfereji yana klorini, na ya visima vingi vya Nairobi yana floridi nyingi, kwa hivyo usiyatumie moja kwa moja kwenye tangi la matumbawe. Utahitaji mtambo wa kuchuja kwa utando, ule wa osmosisi, ukifuatwa na chujio la kuondoa chumvi zilizobaki. Wengi wananunua mtambo huu, wanaufunga, kisha wanashangaa kwamba unatoa matone badala ya maji. Sababu ni msukumo. Utando huo hutaka takriban bar 3 hadi 4, ilhali tangi la paa hutoa bar 0.1 tu kwa kila mita ya kimo. Likiwa mita sita juu ya bomba lako, unapata bar 0.6, ambayo haitoshi hata kidogo. Nunua pampu ya kuongeza msukumo pamoja na mtambo wenyewe. Ujue pia kwamba kwa kila lita moja safi, mtambo humwaga lita tatu au nne. Maji hayo si machafu, yana chumvi zaidi kidogo tu, nasi nyumbani tunayakinga kwenye ndoo na kuyatumia chooni na kuoshea gari. Kuyaacha yaende mtaroni katika nyumba inayopata maji ya mgao ni kutafuta ugomvi.

Tenga nafasi ya mapipa mawili, moja la lita 200 la maji yaliyochujwa na jingine la lita 100 la kuchanganyia chumvi. Kila wiki utabadilisha karibu asilimia 10, yaani lita 40, na kila lita hutaka gramu 35 hadi 38 za chumvi ya matumbawe kutegemea aina uliyonunua. Changanya kwa pampu usiku kucha, kisha pima kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, mpaka uzito wiani (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu) usome 1.025 au 1.026. Maji yanayopungua kwa kukauka uyafidie kwa maji yasiyo na chumvi, kwani kinachopaa ni maji matupu na chumvi hubaki. Mwaka wangu wa kwanza nilifidia kwa maji ya chumvi, na sikuelewa kwa nini konokono walikuwa wamejifungia ndani ya makombe yao kwa wiki mbili mpaka nilipopima na kukuta 1.031.

Jambo la mwisho kwangu ni unyevu. Tangi la ukubwa huo, likiwa wazi juu, linaweza kupoteza lita tano kwa siku, na lita hizo zote zinakwenda kwenye dari yako ya jipsamu. Italegea. Ing'oe uweke mbao zilizopakwa rangi ya kuzuia maji, au dari ya plastiki, kisha funga feni ya kutoa hewa. Feni hiyo iendeshe mchana, jua likiwaka. Ukiiwasha usiku wa Julai utakuwa unatoa nje joto lote ulilolinunua kwa tokeni.

Waya na Maji

Mimi ni fundi wa stima kwa kazi na mfugaji kwa mapenzi, kwa hivyo nitashika upande wangu.

Dai laini ya peke yake kutoka kwenye boksi kuu, yenye swichi ya kinga inayokata stima inapovuja kwa miliampia 30. Usikubali kuambiwa kwamba fiusi inatosha. Fiusi hulinda waya, haimlindi mtu aliyetumbukiza mkono ndani ya maji ya chumvi. Soketi ziwe juu ya usawa wa matangi, zisiwe chini yake kamwe, na kila waya ulegee chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone likishuka na waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia ndani. Mwaka jana niliitwa kuangalia tangi moja South B ambalo lilikuwa "linauma" vidole. Ekstensheni ilikuwa imelala ndani ya stendi, na nilipoichomoa plagi, miguu yake mitatu ilikuwa imevikwa chumvi nyeupe kama sukari ya unga, na plastiki katikati imegeuka kahawia. Mwenye nyumba alidhani ni vumbi.

Kuhusu matumizi, piga hesabu kabla. Hita zenye wati 300 zikiwaka nusu ya siku ni yuniti 3.6, taa za wati 150 kwa saa tisa ni karibu 1.35, pampu ya kurudisha maji ya wati 40 ni karibu yuniti moja, ongeza kichujio cha povu na pampu za mawimbi, yote pamoja utakaribia yuniti 7 kwa siku, au 210 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu yale matangi mengine matatu. Kwa kuwa una matangi manne katika chumba kidogo, ni nafuu kuziba mianya ya mlango na dirisha na kupasha chumba chenyewe kuliko kuliachia kila tangi lipambane na baridi peke yake. Hata hivyo, tangi la matumbawe libaki na hita zake mbili ndogo badala ya moja kubwa, kwa sababu hita inaweza kukwama ikiwa imewaka, na moja ndogo ikikwama haina nguvu ya kuchemsha lita 400.

Sasa kukatika kwa stima. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hiki maji hushika karibu asilimia 80 tu ya oksijeni ambayo maji yale yale yangeshika Mombasa. Maana yake ni kwamba tangi lako halina akiba ya pumzi. Pampu zikizimika, samaki wa huku hutweta mapema kuliko vitabu vilivyoandikwa na watu wa pwani vinavyosema. Mimi nilipoteza samaki wawili aina ya kangaja usiku mmoja kwa sababu nilihangaikia joto, nikalifunika tangi kwa mablanketi, nikasahau hewa. Joto litashuka polepole, lakini oksijeni haingoji asubuhi. Inveta na betri ya kuendesha pampu moja ya mawimbi iliyoelekezwa juu, ili uso wa maji uvunjike, itakuvusha usiku mzima, kwani pampu hiyo hula wati 10 tu. Hita ziache zizimike.

Angalia pia kinachotokea dakika stima inapokatika: maji ya tangi la juu hurudi kwenye sampu, lile tangi la chini lenye vichujio na pampu, kupitia bomba la pampu. Toboa tundu dogo kwenye bomba hilo, sentimita moja chini ya uso wa maji, livute hewa na kukata mvutano, na uache ndani ya sampu nafasi ya kupokea maji yatakayoshuka. Jaribu kwa kuzima swichi mwenyewe, mchana, ukiwa na taulo mkononi.

Bi. Mwani

Mwenye Stoo, nami natoka Kilifi, kwa hivyo niruhusu nikukanye kama dada. Matumbawe usiyaguse. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, hakuna kinachoruhusiwa kuchukuliwa, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani biashara yake ya kuvuka mipaka hutaka kibali. Hata nje ya hifadhi, miamba yetu ilipoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake joto la bahari lilipopanda mwaka 1998, na tangu hapo imekuwa ikijikongoja. Kipande unachokivunja kwa dakika moja kilikua kwa miaka.

Wala huna haja. Wafugaji wa hapa Nairobi hukatiana. Mimi mwenyewe, kila tumbawe langu la ngozi linapofunika taa, hulikata pembe kwa wembe mpya, kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nikakifunga kwa raba kwenye jiwe dogo na kukiweka mahali penye mkondo mpole. Siku ya kwanza hunywea na kutoa ute mwingi, wiki ya pili huwa kimeshika. Anza na hayo laini. Magumu yasubiri mwaka.

Maji ya bahari nayo yana chumvi sahihi, sikatai, ila lita 400 ni mitungi ishirini ya lita 20, na kila wiki utataka mingine miwili, kwa safari ya zaidi ya kilomita 500. Ya karibu na ufuo hubeba mchanga na uchafu wa mito, hasa masika. Nunua chumvi ya pakiti.

Mwenye Stoo

Nawashukuru sana, na suala la matumbawe ya Kilifi nimelifuta kabisa. Swali dogo: jirani yangu ananiambia chumvi ya pakiti ni ghali bure, nichanganye chumvi ya mezani na magadi. Na je, baada ya kujaza maji, samaki waingie lini?

Babu Chujio

Mwambie jirani akachemshie maharagwe. Magadi ghafi ni soda yenye mchanganyiko usioupima, na chumvi ya mezani haina kalsiamu wala magnesiamu ya kujenga mifupa ya matumbawe. Tunalenga kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, ya 8 hadi 9 kwa kipimo chake cha dKH, na hiyo ya mwisho isipande wala kushuka ghafla. Tumbawe huvumilia kiwango cha chini kuliko kiwango kinachoyumba.

Samaki wasubiri. Weka mawe, weka chakula kidogo kioze, upime amonia, sumu inayotokana na uozo huo, kila baada ya siku mbili. Itapanda, kisha bakteria wakiigeuza nitriti itapanda, na zote mbili zikirudi sifuri huku nitrati ikionekana, mara nyingi wiki ya nne hadi ya sita, ndipo utakapoingiza samaki mmoja. Naye apitie kwanza tangi la karantini kwa wiki nne, kwa sababu ugonjwa wa madoadoa meupe ukiingia kwenye tangi kuu huwezi kuutibu humo: dawa yake ni shaba, na shaba huua matumbawe, konokono na kamba.

Bi. Mwani

Akitoka pwani kwa basi, usimdondoshee maji mapya kwa saa tatu kama wengi wanavyofundisha. Ndani ya mfuko uliofungwa safari nzima, kaboni dayoksaidi huyafanya maji kuwa na asidi kidogo, nayo amonia hukaa bila sumu kali. Ukifungua mfuko, hewa hiyo hutoka, asidi hupungua, na amonia ile ile huanza kumuunguza. Andaa karantini yenye kiwango sawa cha chumvi na cha mfuko, sawazisha joto kwa dakika kumi na tano mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha fungua na umhamishe mara moja.

Mwenye Stoo

Nimeelewa. Fundi wa mabomba anakuja Jumamosi kutoboa mtaro, na jipsamu tunaing'oa kesho. Mke wangu anauliza kama yale maji ya kumwagwa na mtambo yanafaa kumwagilia sukuma wiki.

Babu Chujio

Ya mfereji yanafaa. Ya kisima yapime kwanza.