Følling: alitokaje kwenye rangi ya kijani hadi kwenye jina la asidi?

MwanaBayolojia
Wakuu, Asbjørn Følling wa Norway aligundua fenilketonuria (ugonjwa wa kurithi ambapo mwili hushindwa kuvunja fenilalanini, sehemu mojawapo ya protini za chakula) mwaka 1934 kwa kudondosha feriki kloridi, kemikali ya chuma inayobadili rangi, kwenye mkojo wa watoto wawili wa familia moja. Rangi tu ilimtoshaje? Na mbona kipimo hicho hakitegemewi kwa vichanga?

Mkemia
Haikumtosha. Følling alihitimu kemia Trondheim mwaka 1916 kabla ya kuwa daktari Oslo mwaka 1922, na ukemia ndio uliomwokoa hapa. Alitafuta ketoni, kemikali zinazotokana na mwili kuchoma mafuta, ambazo huupa mkojo rangi ya zambarau-nyekundu. Ukawa kijani kilichokolea, kisha kikafifia baada ya dakika chache. Dawa kama aspirini nazo hubadilisha rangi, hivyo alimwomba mama awasimamishie watoto dawa zote kwa wiki moja. Kijani kikarudi.

Ndipo kazi ngumu ikaanza: lita 20 hivi za mkojo zilichujwa na kusafishwa hadi zikatoa fuwele. Adui alikuwa hewa, maana kitu chenyewe huoksidika upesi na kuharibika mikononi. Uchambuzi ukampa fomula ya kitu hicho: C9H8O3. Alipokioksidisha makusudi alipata asidi benzoiki na asidi oksaliki, akashuku asidi fenilpiruviki. Uthibitisho ulikuwa kuchanganya fuwele zake na asidi hiyo halisi: vingekuwa vitu viwili tofauti, mchanganyiko ungeyeyuka kwenye joto la chini zaidi. Joto hilo halikushuka.

Baadaye alipima wagonjwa 430 wenye ulemavu wa akili, akapata 8 wengine. Kwangu hatua hii ni kubwa kuliko ile rangi.

Muuguzi_Maabara
Kuhusu vichanga: fenilalanini hupanda kwanza kwenye damu. Kimeng'enya kinachoigeuza kuwa asidi fenilpiruviki huchelewa kukomaa, kwa hiyo mkojo unaweza kubaki bila kijani kwa wiki kadhaa huku ubongo ukiumia. Tangu Horst Bickel na wenzake waonyeshe mwaka 1953 kuwa lishe yenye fenilalanini kidogo inasaidia, kuchelewa huko hakuvumiliki. Robert Guthrie akaleta kipimo cha damu ya kisigino kwenye karatasi miaka ya 1960.

Usichukue damu kabla ya saa 24: mtoto hajanyonya maziwa ya kutosha kupandisha fenilalanini, na kabla ya kuzaliwa mwili wa mama ulikuwa ukimwondolea ziada. Tone moja lijaze duara na kupenya hadi upande wa pili. Ukiongezea tone juu ya tone, kiwango husomeka juu kuliko kilivyo. Kausha karatasi ikiwa imelazwa, mbali na jua.

MwanaBayolojia
Asante sana wakuu. Hilo la kuchanganya fuwele sikulijua kabisa.