Naomba ushauri: hati ya faragha kwenye maombi ya ruzuku ya utafiti wa haki jinai Marekani

Wakuu, salaam. Ninasoma shahada ya uzamivu nchini Marekani, na tasnifu yangu inahusu muda ambao mahabusu hukaa rumande kabla ya kesi zao kusikilizwa. Ninakusudia kuomba ruzuku kwa National Institute of Justice, taasisi ya utafiti iliyo chini ya Wizara ya Sheria. Maombi yenyewe yatapitia ofisi ya ruzuku ya chuo, kisha Grants.gov na JustGrants, mifumo ya mtandaoni ya serikali ya kupokelea maombi ya ruzuku. Hapo sina shida.

Kinachonitatiza ni hati ya faragha, ambamo mtafiti hueleza atakavyolinda taarifa zinazoweza kumtambulisha mhusika, ilhali taasisi hiyohiyo hutaka data zihifadhiwe kwenye ghala la data ili watafiti wengine wazitumie. Je, nikiondoa majina na namba za kesi lakini nikabakiza tarehe za kukamatwa na kuachiwa, ambazo ndizo uti wa mgongo wa uchambuzi wangu, ulinzi huo utatosha? Au ni heri nibakize idadi ya siku tu, ingawa sitaweza tena kuona kama waliokamatwa Ijumaa jioni hukaa zaidi (nami nashuku hukaa)? Waliowahi kuandaa hati hiyo naomba wanieleze pia wapitiaji hutaka undani kiasi gani.